Mguu Huondoka, Kazi Yake Hubaki

Barabara inayotoka Kahama mjini kwenda Buzwagi ni barabara ya malori. Mzigo ulioteremshwa bandari ya Dar es Salaam hupita Isaka, hupita hapa, kisha huendelea hadi Rusumo na kuingia Rwanda, au hukata kuelekea Burundi na Kongo. Kando ya malori hayo zinapita pikipiki zenye magunia ya mchele, baiskeli zenye madumu, ng'ombe wanaosubiri kuvushwa, na bajaji zinazowapeleka watu Mwendakulima na kuwarudisha. Dereva anayefanya kazi kwenye barabara hii mwaka mzima bila kumgusa mtu amehitimu. Anayefanya hivyo kwa mguu mmoja amehitimu mara mbili, maana amejifunza udereva tunaoujua sote, halafu akajifunza upya kwa mpangilio mwingine wa viungo.

Watu wakiona gongo limelazwa kando ya kiti cha dereva husema: huyu ana moyo. Ni kweli ana moyo, lakini moyo haushiki breki. Lori likisimama ghafla mbele yako, kinachokuokoa ni mkono uliozoea kwenda mahali pake bila kuambiwa, na chuma kilichochomelewa na mtu aliyejua anachokifanya. Sifa ya moyo ni nzuri, ila inafunika sifa nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni sifa ya ufundi. Nimewatazama madereva hawa kwa miaka, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuheshimu ustadi wao kuliko ujasiri wao.

Mguu ukikatwa, kinachoondoka ni mfupa na nyama. Kazi uliyokuwa ukiifanya inabaki pale pale, inamsubiri wa kuifanya. Breki bado inataka kusukumwa, mafuta bado yanataka kupimwa, mwili bado unataka kukaa wima gari linapokata kona. Ufundi wote wa kuendesha baada ya kupoteza kiungo ni ufundi wa kuhamisha kazi kutoka kiungo kisichokuwepo kwenda kilichopo, bila kukipa kilichopo mzigo kisichouweza. Kazi hiyo hupita mikononi mwa mafundi watatu: anayetengeneza mguu wa bandia, anayechomelea chuma, na anayeshika usukani. Mmoja wao akikosea, wawili waliobaki hawawezi kumfidia.

Ukanda huu wa Shinyanga na Geita una njia nyingi za kumnyang'anya mtu kiungo. Wachimbaji wadogo hushuka kwenye mashimo yaliyoegemezwa kwa magogo, na gogo likilegea, mwamba hauulizi nani yuko chini. Oktoba 2015 shimo la Nyangalata, wilayani Kahama, liliporomoka na kuwafunika wachimbaji. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, na nchi nzima ikashika kichwa kwa mshangao. Si kila shimo linamrudisha mtu akiwa mzima namna hiyo. Juu ya ardhi ziko karasha za kusaga mawe, na mkanda wake ukinasa mkono wa shati hauachi shati peke yake. Ziko pikipiki, zinazowavunja vijana miguu kila wiki katika miji yetu. Kuna kisukari, kinachoanza na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu na kuishia chumba cha upasuaji. Na kuna jambo ambalo kanda hii haina budi kulisema kwa uchungu: watu wenye ualbino, watoto wakiwemo, waliokatwa mikono na watu waliotawaliwa na ushirikina. Kila mmoja kati ya watu hawa, kidonda kikishapona, huamka asubuhi na kukuta swali lile lile. Nitafikaje ninakotaka kwenda bila kumsubiri mtu?

Jibu huanzia mbali na barabara, kwenye chumba chenye vumbi jeupe la plasta. Tanzania ina utajiri hapa ambao hausemwi vya kutosha. Tangu mwaka 1981 pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wanafunzi wake wametoka katika nchi nyingi za Afrika. Wapo mafundi wa kazi hii Muhimbili katika taasisi ya mifupa, MOI, na wapo CCBRT, Dar es Salaam. Kwa mtu wa Kahama au Geita, hospitali kubwa iliyo karibu ni Bugando, Mwanza.

Tazama kazi yenyewe. Fundi huanza kwa kushika. Anapapasa kigutu kwa vidole, anatafuta ncha za mifupa, mahali penye ganzi na mahali panapouma, na kila anachokipata anakichora kwa kalamu ya wino usiofutika haraka. Kisha anazungushia bendeji ya plasta iliyolowa. Plasta ikiwa bado laini, anabonyeza kwa vidole gumba chini ya kifuniko cha goti, pale penye mshipa mnene unaoweza kubeba uzito. Ikikauka anaivua kama soksi, na alama za wino zimehamia ndani yake. Anaijaza uji wa plasta, unaganda, na sasa ana nakala ya mguu wa mtu mezani.

Hapo ndipo ustadi unapoanza. Nakala hiyo ingetumika ilivyo, mguu wa bandia ungemuumiza mwenyewe kabla hajafika mlangoni, kwa sababu mwili haukuumbwa kusimamia ncha ya mfupa uliokatwa. Fundi huchukua tupa na kuondoa plasta mahali ambapo nyama na mishipa vinaweza kubeba, ili soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachopokea kigutu, ikaze hapo. Halafu anaongeza plasta mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, ili soketi iachie nafasi. Anatoa milimita chache hapa, anaweka milimita chache pale. Akimaliza, nakala haifanani tena kabisa na mguu wa mtu yule. Inafanana na namna mguu ule unavyotaka kubebwa. Karatasi nzito ya plastiki ya polipropilini huwekwa kwenye tanuri hadi ilegee, hufunikwa juu ya nakala, na hewa ikanyonywa ili plastiki ishike kila bonde na kila kilima kilichochongwa.

Kwa mtu anayekusudia kuendesha, kuna kipimo kimoja zaidi ambacho fundi mzuri hukiuliza mapema: utakaa kwa muda gani goti likiwa limekunjwa? Mguu wa kutembelea tu unaweza kuwa na ukingo mrefu nyuma ya goti. Mguu wa dereva ukiwa na ukingo huo, kila akikaa plastiki itamkata kwenye mishipa ya nyuma ya paja, na baada ya saa moja hatafikiria barabara tena, atafikiria maumivu. Kwa hiyo ukingo hushushwa na kulainishwa, ila usishushwe mno, maana soketi itapoteza mshiko anaposimama. Hizo ni sentimita mbili ambazo abiria hatazijua kamwe, nazo ndizo zinazoamua kama dereva atafanya kazi hadi jioni.

Baada ya hapo kuna somo la jua. Kigutu hubadilika ukubwa ndani ya siku moja. Asubuhi kimejaa, mchana, mwenyewe akishatembea na joto la Septemba la Shinyanga likishapanda, kinapungua, na soketi iliyobana asubuhi inaanza kucheza. Soketi inayocheza huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka inamweka mtu nyumbani wiki nzima. Madereva wazoefu hutembea na soksi za akiba za pamba. Mchana wakipumzika kivulini wanaongeza moja, soketi inakaza tena. Wengine, wakiendesha chombo kisichohitaji mguu ule, huvua mguu wa bandia kabisa na kuuweka pembeni, wakauvaa tena pale wanaposhuka. Nao ni uamuzi wa kitaalamu: ngozi ni rasilimali, haitumiwi pasipo sababu.

Sasa tuje kwenye chombo. Swali la kwanza ni kiungo kipi kimeondoka, na jibu lake linabadilisha kila kitu.

Aliyepoteza mguu wa kushoto ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani siku ile anapotoka hospitali. Magari madogo yaliyojaa mitaani kwetu, IST, Vitz, Passo, yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa hapa, mengi ni ya otomatiki. Hayana klachi. Mguu wa kushoto ndani ya gari hilo hauna kazi hata moja, hata kwa mwenye miguu miwili. Mtu huyu anaweza kukaa kwenye gari lisilobadilishwa chochote na kuanza kujifunza. Kinachomtaka uangalifu ni mizani tu: mguu wa kushoto ndio uliokuwa ukimsimika kitini gari linapokata kona, na bila huo mwili huteleza. Mkanda unaokaza vizuri kiunoni na kiti kilichosogezwa kwa kipimo sahihi hufanya kazi hiyo.

Aliyepoteza mguu wa kulia ana mtihani mgumu zaidi, maana huo ndio mguu wa breki na mafuta. Mguu wa bandia unaweza kukanyaga, lakini hauhisi. Unyayo wa kawaida hujua pedali imeshuka kiasi gani bila jicho kuangalia. Unyayo wa bandia haujui kama umekaa katikati ya pedali au umening'inia ukingoni. Mwenye goti lake bado hupokea habari kidogo kupitia shinikizo la soketi, ila habari hiyo huja imechelewa na imefifia. Njia salama ni kuhamisha kazi. Pedali ya mafuta inaweza kuwekewa ndugu yake upande wa kushoto wa breki, ili mguu wa kushoto ufanye yote mawili. Au mafuta na breki vyote vikapandishwa juu kwenye fimbo moja kando ya usukani: ukiisukuma unashika breki, ukiivuta unaongeza mafuta.

Aliyepoteza mkono naye ana hesabu zake. Usukani unaozungushwa kwa mkono mmoja unahitaji kifundo kilichofungwa kwenye duara lake, kinachozunguka chenyewe ndani ya kiganja, ili mkono usilazimike kuachia na kushika upya katikati ya kona. Kisha kuna vitu vidogo vinavyosahaulika. Kwenye magari yetu ya Japani, indiketa iko kulia kwa usukani na waipa iko kushoto. Aliyepoteza mkono wa kulia lazima atoe ishara kabla ya kukata kona, na mkono wake wa pekee uko kwenye kifundo. Anajifunza kuwasha indiketa mapema, gari likiwa bado limenyooka, halafu ndipo arudishe mkono na kukata. Kila dereva angefanya hivyo, barabara zetu zingekuwa na amani zaidi.

Lakini ukitaka kuona ufundi huu ukiwa umeiva, tazama bajaji. Mkono wa kushoto unashika klachi, na mpini huo huo ukizungushwa unabadilisha gia. Mkono wa kulia unazungusha mafuta. Mguu umeachiwa kazi moja tu: pedali ya breki, chini upande wa kulia. Aliyepoteza mguu wa kushoto hupanda bajaji ilivyotoka dukani na kuondoka nayo. Aliyepoteza wa kulia, au yote miwili, anahitaji kazi hiyo moja ipandishwe hadi mkononi. Wapo wanaojaribu kuvusha mguu wa kushoto hadi kwenye pedali, na kiuno kinakaa kimepinda kutwa nzima. Mwenye busara humtafuta fundi wa kuchomelea.

Huku kwetu chuma si mgeni. Warongo, wahunzi wa upande wa Geita na Kahama, waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri ya udongo kabla ya mkoloni kufika, na majembe yao yalilima mashamba ya Wasukuma. Wahenga wakasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sijui methali nyingine inayolifaa jambo hili kuliko hiyo.

Mkono wa breki ukiutazama haraka ni kipande cha bomba kilichochomelewa kwenye pedali kikapandishwa hadi usawa wa kiti. Ukiutazama kwa subira unaona maamuzi. La kwanza ni urefu. Mkono wa mtu ni dhaifu kuliko mguu wake, kwa hiyo bomba lazima liwe refu vya kutosha kumwongezea nguvu. Lakini kila linavyorefuka ndivyo linavyotembea mwendo mrefu kabla breki haijauma, na likizidi litagonga mbele kabla bajaji haijasimama, au litakutana na mpini dereva akikata kulia. Fundi makini hakati bomba kwa kukadiria. Anamkalisha dereva mwenyewe kitini, anamwambia azungushe mpini hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto, anaangalia kiwiko chake kinapita wapi, ndipo anapiga alama.

La pili ni uelekeo. Mkono mzuri husukumwa kwenda mbele. Bajaji inaposimama ghafla mwili hutupwa mbele, na uzito wa bega humsaidia dereva kusukuma. Mkono unaovutwa kuja nyuma humlazimisha apigane na mwili wake mwenyewe katika sekunde ile ile anayohitaji msaada wake.

La tatu ni mshono. Moto wa kuchomelea hupigwa kwenye shina la pedali lililo nene, mbali na bomba la mafuta ya breki, na pembeni ya mshono huongezwa kipande cha pembetatu ili uzito usining'inie kwenye ukingo mmoja. Mshono wa mbwembwe unaweza kung'aa na ndani ukawa na matundu. Mshono wa kweli hugongwa kwa nyundo kabla ya kupakwa rangi. Mwisho, kichwa cha mkono huviringishwa mpira wa tairi la ndani, ili kiganja chenye jasho kisiteleze. Na pedali yenyewe huachwa ifanye kazi kama zamani, ili siku mwenye bajaji akiugua, ndugu yake mwenye miguu aweze kuingia barabarani kutafuta hesabu ya siku.

Chuma kikishakamilika, mtu hubaki na kazi ya kuifundisha mikono. Bajaji huwekwa imezimwa, kivulini, na mwanafunzi hurudia: achia mafuta, shuka, gusa, sukuma, rudi. Achia, shuka, gusa, sukuma, rudi. Macho yako mbele muda wote. Mkono lazima uujue mkono wa breki ulipo kama kijiko kinavyoijua njia ya mdomoni gizani. Baada ya hapo injini huwashwa, mwendo wa mtu anayetembea, kwenye uwanja mtupu. Kisha barabara ya changarawe, ambako breki kali hufunga magurudumu na kuyatelezesha. Mwisho kabisa ni masika juu ya udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa Usukuma unaogeuka kuwa sabuni ukilowa.

Kitu kigumu kuliko vyote hakiko kwenye chuma. Mguu uliokatwa huendelea kuishi kichwani. Wengi huuhisi ukiwasha, ukikunjika, ukiuma, miaka baada ya kuondoka. Dereva aliyeendesha kwa miguu miwili kabla ya ajali ana adui wa ziada: hatari ikitokea, ubongo hutuma amri ya zamani. Unakanyaga breki kwa mguu usiokuwepo, na dereva huhisi amekanyaga. Nusu sekunde imepotea. Ndiyo maana kurudiarudia kule si adhabu. Njia ya zamani haifutiki, lakini njia mpya inaweza kukanyagwa mpaka ikawa pana kuliko ile, na siku ya hatari amri ikapita huko yenyewe. Kwa sababu hiyo aliyekuwa dereva stadi kabla ya ajali huenda akahitaji subira kubwa kuliko yule ambaye hajawahi kushika usukani.

Mtazame sasa aliyehitimu, anapokaribia tuta. Mkono wa kushoto una kazi tatu kwa pamoja: klachi, gia na kuelekeza. Wa kulia una mbili, mafuta na breki, na hauwezi kuzifanya kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anaanza kupunguza mwendo pale ambapo dereva mwingine bado anaongeza. Anaachia mafuta mapema, anashusha gia moja, injini inavuta bajaji nyuma, anashusha nyingine. Mkono wa kulia unateremka hadi kwenye mkono wa breki na kuupumzikia tu, bila kusukuma. Mita chache kabla ya tuta anaubonyeza kwa kiganja kwa upole, gurudumu la mbele linapanda, anaachia, mkono unarudi kwenye mafuta kabla magurudumu ya nyuma hayajashuka. Abiria hajatikisika. Yai kwenye kapu halijavunjika. Hakuna harakati hata moja iliyozidi, kwa kuwa hana kiungo cha kupoteza kwa harakati za bure.

Abiria aliyepanda kwa mara ya kwanza huuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii unaiweza?"

"Kaa vizuri, mama. Unashukia wapi?"

Mama huyo akishafika, mara ya pili haulizi tena. Anatafuta bajaji ile ile.

Aliyedhani breki na mafuta ni mali ya mguu, dunia yenyewe inamkatalia. Pikipiki hushikwa breki ya mbele kwa mkono wa kulia. Trekta lina wenzo wa mafuta wa mkononi. Malori makubwa ya migodini, kama yale ya Caterpillar, yana wenzo kando ya usukani, na dereva anayeteremka ndani ya shimo la wazi hupunguza mwendo kwa kuvuta wenzo huo. Hapa Buzwagi, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021, jamii nzima imekua ikitazama mitambo mikubwa inavyoongozwa. Mtu wa mgodini anajua kwamba nguvu ya mashine haitoki kwenye msuli wa dereva. Inatoka kwenye mpangilio mzuri wa vishikio, na vishikio hupangwa upya.

Mtaliano Alex Zanardi alilithibitisha hilo mbele ya ulimwengu. Septemba 2001 alipoteza miguu yote miwili katika mashindano ya magari huko Lausitzring, Ujerumani. Mwaka 2005 alishinda mbio moja katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa magari ya kawaida, akiwa kwenye BMW iliyopangwa upya kwa mwili wake, mafuta yakiwa mikononi. Waingereza nao, kuanzia mwaka 1948, serikali yao iliwagawia watu wenye ulemavu vigari vya magurudumu matatu vilivyojulikana kwa jina la Invacar. Viliwatoa maelfu ndani ya nyumba. Lakini vilikuwa na kiti kimoja tu. Mtu hakuweza kumpakia mkewe wala mtoto. Linganisha na bajaji ya Kahama, magurudumu matatu vilevile, yenye benchi nyuma la watu watatu wanaolipa nauli. Kile cha Uingereza kilimpa mtu safari. Hiki kinampa safari, kipato, na watu wanaomtegemea.

Sheria zetu zimeweka milango, na inafaa ijulikane ilipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na eneo la Buzwagi, linalogeuzwa sasa kuwa la viwanda, litakuwa na waajiri wa aina hiyo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Bajaji ni miongoni mwa vitu ambavyo mikopo hiyo imenunua. Mfanyakazi aliyeumia kazini, ambaye mwajiri wake anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi Julai 2015, ana haki ya kudai fidia na huduma za utengamao. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa chombo kilichotengenezwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu.

Kinachokosekana ni heshima ya kitaaluma. Kijana anayetaka kujifunza hupata leseni ya kujifunzia, hupata mwalimu, hufika mbele ya askari wa usalama barabarani kwa mtihani. Mara nyingi gari la shule ya udereva halina hata pedali moja iliyohamishwa, na mwalimu hajui aanzie wapi. Fundi wa kuchomelea anatengeneza mkono wa breki kwa akili yake, na hakuna anayeukagua mshono wake zaidi ya dereva ambaye maisha yake yanautegemea. Ufundi huu umekua mitaani kwa kuambizana, dereva mmoja kumwonyesha mwenzake, na umefika mbali sana kwa njia hiyo. Ungefika mbali zaidi kama vyuo vya ufundi vya VETA vingewaita madereva hawa kuja kufundisha, mafundi wakakaa na wataalamu wa viungo bandia meza moja, na vipimo vya mkono wa breki ulio salama vikaandikwa mahali ambapo fundi wa Geita, Kahama na Shinyanga anaweza kuvisoma.

Na kwa aliyetoka wodini juzi, ambaye anasoma haya huku akiwa hajui kama atashika usukani tena, ningependa asikie mambo matatu kwa mpangilio wake. Subiri kidonda kikauke na kigutu kitulie, usikimbilie barabara. Mtafute anayefanya tayari, ukae nyuma yake kama abiria, uitazame mikono yake badala ya kuangalia mguu usiokuwepo. Kisha umpeleke fundi kwenye chombo chako, ukae kitini wewe mwenyewe, na usikubali akate chuma kabla hajapima mkono wako unafika wapi.